Shajara ya mradi: kompyuta ya ami na kadi tatu zinazogombania laini

Jumamosi, baada ya adhuhuri

Kompyuta ya ami iko mezani kwangu. Nimeileta kwa tuktuk kutoka Majengo mpaka Kisauni nikiwa nimeipakata, maana kasha lake ni la chuma na sikutaka ligongwegongwe kwenye foleni ya daraja la Nyali. Ni Pentium MMX ya 200 MHz, RAM ya megabaiti 64, diski ya gigabaiti 3.2, na ndani yake mna Windows 98. Bodi kuu ina sloti, yaani nafasi za kuchomekea kadi, za aina mbili: nne za PCI, zile fupi nyeupe, na tatu za ISA, aina ya zamani zaidi, ndefu nyeusi. Hizo tatu zote zimejaa, na ndizo zilizonileta hapa.

Kompyuta hii inaendesha mashine ya kukatia stika. Majina ya tuktuk, nambari za mashua za wavuvi, maandishi ya vioo vya maduka, yote yanatoka hapo. Michoro ya wateja wa miaka yote imehifadhiwa na programu moja ya zamani, ambayo faili zake hazijafunguka kwa programu nyingine yoyote niliyojaribu, na yenyewe haiwaki mpaka kidude chake cha ufunguo kichomekwe kwenye poti ya printa. Anayetaka kuniuliza kwa nini nisitumie laptopu na waya wa USB wa kugeuza kuwa siriali (poti ya zamani inayotuma data biti moja moja), jibu ndilo hilo. Mashine ingekubali. Michoro ndiyo isingekuja.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Poti ya pili ya siriali ya bodi ilikufa siku stima ilipokatika na kurudi kwa nguvu. Fundi mmoja akachomeka kadi ya ISA yenye poti mbili za siriali, moja ya printa na moja ya kijiti cha michezo. Tangu siku hiyo, mashine ikianza kukata, kipanya kinaganda. Kuna siku inamaliza jina zima, kuna siku inaacha katikati na karatasi ya stika inaharibika. Ami amewafundisha vijana wake wasikiguse kipanya kazi ikishaanza. Wanasimama kando mikono nyuma, wanangoja. Nilipowaona wiki jana wakifanya hivyo niliingiwa na simanzi, nikamwambia, "Ami, nipe wiki moja."

Akanijibu, "Chukua mwanangu, lakini kadi ya sauti usinitolee. Nikikata bila taarab mkono hauendi."

Basi kadi ya sauti inabaki. Hilo ni sharti la kazi.

Leo sikugusa kadi. Nimenakili diski nzima kwenye laptopu, nimepuliza vumbi, nimebadilisha betri ya CR2032 iliyokuwa imeshuka chini ya volti 2.

Jumamosi, usiku

Kabla ya kufungua bisibisi nataka niandike hapa namna ninavyoielewa shida hii, kwa sababu watu wengi wanahamishahamisha jampa, vile vikofia vidogo vinavyounganisha nguzo mbili za kadi ili kuipangia kazi, kwa kubahatisha mpaka ikubali, halafu ikiharibika tena hawajui ilikubali kwa nini.

Kadi ikiwa na jambo, mfano baiti imeingia au imetoka, inapiga hodi kwa prosesa. Mlango wa hodi ni laini iitwayo IRQ. Kompyuta ya kwanza ya IBM PC, ya mwaka 1981, ilikuwa na chipu moja ya 8259 yenye laini nane. IBM PC/AT ya 1984 ikaongezewa chipu ya pili, lakini ya pili inaunganishwa na ya kwanza kupitia laini ya 2, kwa hiyo zikabaki 15 badala ya 16. Pentium hii ya ami, pamoja na ujana wake mbele ya hizo, bado inaishi na zile 15.

Na hizo 15 nyingi zina wenyewe. Laini ya 0 ni ya saa ya kuhesabia mapigo, 1 ni ya kibodi, 6 flopi, 8 saa ya betri, 13 kitengo cha hesabu, 14 na 15 diski na CD. Zinazobaki kugawana ni 3, 4, 5, 7, 9, 10, 11 na 12.

Katika PCI kadi mbili zinaweza kushirikiana laini moja, kwa sababu anayepiga hodi anaendelea kushikilia mpaka asikilizwe, na mwenye nyumba anauliza mmoja mmoja, "Ni wewe?" ISA haikujengwa hivyo. Kidhibiti, yaani zile chipu za 8259, kinasikia ule mwanzo wa hodi tu, pale waya unaponyanyuka kutoka chini kwenda juu. Asiyesikika wakati ule hasikiki tena. Baya zaidi, kadi nyingi za ISA zinaushika waya wenyewe kwa nguvu: moja inauvuta chini wakati jirani yake anaunyanyua. Hodi ya jirani inafia njiani.

Nimeitazama kadi ya fundi kwa kurunzi. Poti ya kwanza, yenye mashine ya stika, imewekwa COM3, anwani 3E8, IRQ 4. (COM ni jina la poti ya siriali; anwani ni namba ambayo prosesa huitumia kuifikia kadi, nayo huandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16, ndiyo maana ina herufi.) Kipanya cha ami ni cha siriali, kiko COM1, anwani 3F8, IRQ 4. Anwani mbili tofauti, mlango mmoja. Kipanya kinaganda kwa sababu hodi zake hazifiki, na mashine inasimama kwa sababu hodi zake nazo hazifiki.

Fundi yule simlaumu. COM3 na COM4 zimezoeleka kupewa 4 na 3 tangu zamani, jampa zilitoka kiwandani hivyo, na kama huna vifaa viwili vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja hutaona tatizo.

Jumapili

Asubuhi nimekaa na mahamri na mbaazi na daftari. Nimeandika nani anashika nini, si kwa kukumbuka bali kwa kusoma: jampa za kila kadi, menyu za BIOS (programu ya bodi inayoanza kabla ya Windows), na orodha ya vifaa ya Windows.

Kadi ya sauti ni Sound Blaster 16. Inashika anwani 220, IRQ 5, DMA 1 na 5 (njia za kupitisha data bila kumpitia prosesa), MIDI, poti ya vyombo vya muziki, kwenye 330, na poti ya kijiti kwenye 201. Kadi ya mtandao ni ya aina ya NE2000 yenye chipu ya RTL8019AS. Anwani yake 300, IRQ 3. Poti ya printa ya bodi iko 378, IRQ 7, na kidude cha ufunguo kimo hapo, kwa hiyo hapo sipagusi hata kidogo. COM1 ni 3F8, IRQ 4.

Halafu nikaona kitu ambacho kingeniponyoka kama nisingeandika. Ile COM2 ya bodi, iliyokufa, bado imewashwa ndani ya BIOS. Haitoi hata baiti moja, lakini imekalia anwani 2F8 na IRQ 3. Poti ikiungua, kinachoungua mara nyingi ni ile chipu ndogo ya kupandisha volti karibu na plagi. Nyuma yake bodi haina habari kwamba mlango umefungwa. Kwa hiyo hapo IRQ 3 ilikuwa na wenyewe wawili, poti mfu na kadi ya mtandao, na hawakugombana kwa sababu mmoja alikuwa kimya.

Sasa mipaka. Kadi ya poti ni ya biti 8. Ukiitazama mguu wake ni mfupi, unaingia sehemu ya kwanza tu ya sloti, yenye migusano 62. Laini za IRQ 10 na kuendelea ziko kwenye kipande cha pili cha sloti, chenye migusano 36, na kadi hii haifiki huko. Jampa zake za siriali zinatoa 3, 4 au 5. Ya 4 ni ya kipanya. Ya 5 ni ya taarab ya ami. Imebaki 3.

Kadi ya mtandao, kwa upande wake, ni ya biti 16. Inafika kote. Basi anayehama ni yeye.

Mpango nikauandika hivi: mtandao uende IRQ 10, COM2 ya bodi izimwe kabisa, kadi ya poti iwe COM2 kwenye 2F8 na IRQ 3. Poti yake ya pili ifungwe, poti yake ya printa ifungwe, na ya kijiti ifungwe pia, maana nayo iko 201, palepale alipo Sound Blaster.

Jumapili, usiku

Nimekosea, na kosa nalijua.

RTL8019AS haina jampa za IRQ. Mipangilio yake inaandikwa ndani ya chipu ndogo ya kumbukumbu kwa programu ya DOS. Nimewasha kwa flopi, nikafungua programu, nikabadilisha IRQ kutoka 3 kwenda 10. Hapo ningesimama. Lakini nilipoiona anwani 300 nikakumbuka kwamba kadi nyingi za zamani hupenda 300, nikasema niisogeze kwa usalama hadi 320. Vitu viwili kwa mkupuo mmoja, na cha pili hakikuwa na sababu.

Windows ilipowaka, kadi ya sauti ikawa na alama ya njano. Nimezunguka nayo karibu saa nzima nikidhani nimeilegeza kwenye sloti, nikaitoa, nikaisafisha, nikairudisha. Ndipo nikarudi kwenye daftari. NE2000 haichukui anwani moja, inachukua 32 mfululizo. Ukiiweka 300 inaishia 31F. Ukiiweka 320 inaishia 33F, na katikati yake imo 330, MIDI ya Sound Blaster. Niliihamisha kutoka mahali ambapo haikumsumbua mtu nikaipeleka kumkalia jirani.

Nimeirudisha 300. Alama imeondoka. Kuanzia sasa badiliko moja, kuzima, kuwasha, kuandika, ndipo lingine.

Jumatatu, baada ya kazi

Mtandao haufanyi kazi kwenye IRQ 10. Taa ya kadi inawaka, waya mzima, lakini hakuna kinachopita.

Leo imenichukua dakika kumi tu, kwa sababu ya daftari. Nikiwasha kompyuta, BIOS inaonyesha jedwali la kadi za PCI kabla ya Windows kuanza. Linapita haraka, nikalisimamisha kwa kitufe cha Pause. Kadi ya picha imepewa IRQ 10. BIOS inagawa laini za PCI yenyewe, na haina njia ya kujua kwamba kuna kadi ya ISA isiyojitambulisha iliyokwisha kukalia 10. Plug and Play ya ISA (PnP), utaratibu wa kadi kujitambulisha yenyewe, ilikuja mwaka 1993, lakini kadi ikiwekwa kwenye mipangilio ya kudumu kama nilivyoiweka hii, haijibu BIOS inapoita majina. Ni lazima uiambie wewe.

Kwenye menyu ya PnP na PCI nimeiwekea 10 alama ya kwamba ni ya ISA ya zamani, nikaamuru BIOS ifute orodha yake ya mgao na kuipanga upya. Kuwasha tena: kadi ya picha imesukumwa hadi 11, mtandao umefunguka. Nimevuta mchoro mmoja kutoka laptopu kuhakikisha. Ningeweza kukimbilia 12, ipo wazi kwa kuwa bodi hii haina poti ya duara ya kipanya iliyoungwa, lakini naibakiza endapo siku moja nitaiunga.

Kisha nimezima COM2 ya bodi ndani ya BIOS. Windows imeiondoa kwenye orodha. Mlango wa 3 sasa hauna mtu.

Jumatano

Jana sikugusa kitu, stima ilikuwa haipo Kisauni tangu magharibi.

Leo ni kadi ya poti yenyewe. Nimehamisha jampa zote kama nilivyopanga nikiwa na mchoro wa penseli kando, maana maandishi kwenye kadi ni madogo na mengine yamefutika. Nimesugua migusano ya dhahabu kwa raba ya shule, kisha pamba yenye spiriti. Pamba ilitoka nyeusi. Duka la ami halina dirisha la kioo upande wa barabarani, na upepo wa bahari unaingia humo mwaka mzima na chumvi yake.

Windows imeiona COM2. Anwani 2F8, IRQ 3, hakuna mgongano wowote. Nikafurahi. Nikabeba laptopu badala ya mashine, nikaunga waya wa siriali kati yake na kompyuta ya ami ili nione kinachotoka. Programu ya stika ikatuma. Laptopu haikupokea isipokuwa herufi moja ya kwanza, basi. Nikajaribu tena: herufi moja.

Hapa ningeweza kurudi kwenye kubahatisha jampa. Badala yake nikawasha kwa flopi, DOS tupu. Nikaandika faili fupi ya amri za kuchorea:

IN;SP1;PU1000,1000;PD3000,1000,3000,3000,1000,3000,1000,1000;PU;

Hiyo ni lugha ya HPGL. Kipimo kimoja ni milimita 0.025, kwa hiyo huo ni mraba wa sentimita tano kwa tano. Nikaiweka poti kwenye mwendo wa biti 9600 kwa sekunde kwa amri ya MODE, nikanakili faili kwenda COM2. Laptopu ikapokea kila herufi, hadi nukta-mkato ya mwisho.

Poti moja, waya mmoja, mwendo mmoja. DOS inapita, Windows haipiti. Nimeketi na kikombe cha kahawa chungu nikiifikiria hii tofauti mpaka ikanijia. DOS inaponakili faili kwenda poti ya siriali inapitia BIOS, na BIOS haingoji hodi. Inasimama mlangoni na kuuliza kila mara, "Umemaliza? Umemaliza?" halafu inatuma baiti inayofuata. Draiva ya Windows haiulizi. Inatuma baiti ya kwanza, inakwenda kufanya mambo mengine, inangoja kubishiwa hodi ili itume ya pili. Herufi moja ikitoka na ya pili isitoke, maana yake anwani ni nzima na hodi haifiki. Wala si mgongano safari hii. Mlango wa 3 hauna mwingine, na bado mwenyewe hasikiki.

Nikachomoa kadi, nikaweka mita ya umeme, inayolia njia ikiwa imeungana, kwenye nguzo mbili za jampa ya IRQ 3. Jampa iko mahali pake, imekaa sawa kwa macho, na mita haikulia. Nikaigusagusa, ikalia mara moja, ikanyamaza. Ndani ya kofia ile ndogo ya plastiki kile kibati kimeshika kutu ya kijani. Ilikuwa imekaa kwenye nguzo isiyotumika kwa miaka, hakuna aliyewahi kuitegemea, na mimi ndiye niliyeipa kazi leo.

Nimechukua jampa kutoka nyuma ya diski mbovu niliyokuwa nayo kwenye boksi, nikasugua nguzo kwa spiriti, nikaivisha. Mita ikalia na kuendelea kulia. Nikabadilisha na zile nyingine zote za kadi ile, hata zilizoonekana nzima.

Windows ikatuma mraba, ikatuma jina, ikatuma mchoro wa nanga wenye mistari mingi, huku nikizungusha kipanya. Kila kitu kikafika. Nikaweka CD kwenye trei, nikaruhusu iimbe, nikatuma tena huku nikivuta faili kwa mtandao. Kadi tatu kwa pamoja, nusu saa, bila kukwama.

Ijumaa, baada ya Swala

Nimerudisha kompyuta Majengo. Ndani ya kasha, upande wa kifuniko, nimebandika karatasi yenye mgao wote kwa kalamu isiyofutika: IRQ 3 kadi ya poti, 4 kipanya, 5 sauti, 7 printa na ufunguo, 10 mtandao na imehifadhiwa kwenye BIOS, 11 picha. Anwani zake pembeni. Chini nimeandika kwamba COM2 ya bodi imezimwa kwa makusudi, isiwashwe, na kwamba betri ya bodi ikifa mipangilio hii miwili ya BIOS itapotea na lazima irudishwe kwa mkono. Hilo la betri naliogopa kuliko yote, kwa sababu siku likitokea kompyuta itarudi kwenye maradhi yaleyale na mtu atadhani kadi imekufa.

Kulikuwa na kazi inangoja, jina la mashua ya mvuvi mmoja wa Likoni, herufi kubwa za sentimita ishirini, pande mbili. Ami akaunga mashine, akaweka CD yake, akafungua mchoro, akabonyeza. Kisu kikaanza kutembea. Yeye na kijana wake, kwa mazoea, wakarudi nyuma hatua moja na kuondoa mikono mezani.

Nikamwambia, "Ami, kisogeze kipanya."

"Sasa hivi? Herufi haijesha hii."

"Kisogeze tu, ami."

Akanitazama, akaweka kidole juu yake taratibu, akakisukuma. Mshale ukatembea kwenye skrini. Kisu kikaendelea. Akakizungusha mara mbili, tatu, akafungua dirisha jingine na kuanza kupanga maandishi ya kazi inayofuata, na herufi ya mwisho ya mashua ikakatwa nyuma ya mgongo wake bila yeye kugeuka kuitazama.